Tunaimba Nini Mkate Unapomegwa?

Kijana aliyepiga kinanda Jumapili ile alikuwa na miaka 14, na wimbo wa sakramenti alikuwa ameufanyia mazoezi kwa wiki tatu. Tunajua hivyo kwa sababu baadhi yetu hufika kanisani Jumatano jioni kufagia, na tulimsikia akirudia mstari ule ule, akikosea mahali pale pale, kisha akianza upya. Siku ilipofika alianza vizuri. Ubeti wa kwanza ulipita salama. Katika ubeti wa pili aliinua mkono kugeuza ukurasa, na kidole kikagusa kitufe cha midundo.

Kinanda chetu ni cha umeme, kimewekwa juu ya miguu ya chuma, na aliyekitengeneza alikuwa akiwaza bendi za arusini kuliko ibada. Ngoma ikaanza. Kijana akabonyeza kitufe kingine ili kuizima, ikaongeza kasi. Akabonyeza cha tatu, na sasa kinanda kikaacha ngoma na kuanza kujipigia chenyewe ule wimbo wa maonyesho ambao huwekwa humo ili mteja ausikie dukani. Makuhani wawili walikuwa wamesimama mezani, mkate mikononi, wasijue kama waendelee kumega au wangoje. Mwishowe ndugu mmoja akapita kati ya viti, akainama, akachomoa waya ukutani.

Tulicheka. Hatukucheka kwa sauti, maana tunajua tulipo, lakini mabega yalitikisika safu hadi safu, na kijana aliyaona. Sala ya mkate ilisomwa watu wakiwa bado wamejifunika midomo. Kijana yule hakukaa tena kwenye kinanda, na kwa miezi kadhaa hakuonekana hata kanisani.

Mwezi huo huo ndugu mmoja mwenye sauti nzuri aliombwa kuimba baada ya msemaji wa kwanza. Alikuja na spika yake na muziki uliorekodiwa kwenye simu. Kufikia mstari wa tatu sote tulikuwa tumeutambua wimbo: ulikuwa wimbo wa mapenzi uliopigwa mwaka mzima kwenye matatu, ambamo neno la mpenzi lilitolewa na jina la Bwana likawekwa mahali pake. Alifumba macho, akapandisha sauti, akaing'ang'ania noti ya mwisho hadi watoto wakageuka kumtazama. Msemaji wa pili alisimama akasema hajui aseme nini baada ya uimbaji kama ule, na kweli hatukumbuki alichosema. Mlangoni tulimpa mwimbaji mkono mmoja baada ya mwingine.

Kwa hiyo ndani ya mwezi mmoja tuliicheka ajali ya mtoto na kuusifu uteuzi mbaya wa mtu mzima. Insha hii imetokana na aibu ya kuligundua hilo, tena tuligundua tukiwa tumechelewa.

Mwezi Julai 1830, miezi mitatu tu baada ya Kanisa kuundwa, ufunuo ulitolewa kwa Emma Smith huko Harmony, Pennsylvania. Leo tunausoma katika sehemu ya 25 ya Mafundisho na Maagano. Mara nyingi tunaitaja ahadi iliyomo, kwamba Bwana huupokea wimbo wa wenye haki kama sala, na tunapita mbio juu ya kazi yenyewe aliyopewa Emma. Kazi ilikuwa kuchagua nyimbo. Kuimba kwa ustadi hakukutajwa. Mwanamke aliyeitwa mteule alipewa kazi ya kuteua, na huo ndio wito wa kwanza wa muziki katika Kanisa hili. Anayeketi leo na daftari lake akiandika namba nne za nyimbo za Jumapili ijayo anafanya kazi ya Emma, hata kama anaifanya Jumamosi usiku, watoto wakilia na umeme umekatika.

Kitabu kilichotokana na agizo lile kilichapishwa Kirtland, Ohio. Kina tarehe ya 1835 ingawa kilitoka mapema 1836. Kilikuwa na nyimbo 90 na maneno matupu, bila noti hata moja. Aliyewaimbisha watu alipaswa kuhesabu silabi za ubeti na kutafuta kichwani mwake tuni inayotoshea. Sisi tuliolelewa katika makanisa mengine na vitabu vya maneno matupu, kama Tenzi za Rohoni, tunaijua hatari ya kazi hiyo: mwimbishaji anaanzisha tuni ya mistari minne juu ya ubeti wa mistari sita, nusu ya watu wanamaliza, nusu bado wako njiani, na mzee mmoja nyuma anaendelea peke yake kwa imani. Hatuamini kwamba Watakatifu wa Kirtland walinusurika na mambo kama hayo.

Na tuni zenyewe zilitoka kila mahali. Wimbo wa Eliza R. Snow kuhusu nchi pendwa ya Deseret, ambamo watoto wanasifiwa kwa kuacha chai, kahawa na tumbaku, unaimbwa kwa tuni ya George F. Root, aliyoitunga kwa ajili ya wafungwa wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Ndiyo maana mtu akiuimba miguu humcheza kama askari. Wimbo wa W. W. Phelps wa kumsifu Nabii Joseph unakwenda kwa mahadhi ya Kiskoti, yale ya "Scotland the Brave", ambayo huko kwao hupigwa kwa zumari za mfuko watu wakiandamana barabarani. Wimbo huo una jambo jingine la kutufundisha. Kwa miaka mingi ulikuwa na mstari uliolitaja jimbo la Illinois kuhusu damu ya Nabii. Katika kitabu cha 1927 mstari huo ulibadilishwa na jina la Illinois likaondoka. Tunapenda kufikiri kwamba kuna mtu aliyekumbuka kwamba watu wa Illinois nao wanaweza kuja siku moja kuketi kwenye viti vyetu.

Basi ndugu yetu wa spika angeweza kujitetea kwa historia. Angesema: ninyi wenyewe mnaimba nyimbo za askari na za mitaani, kosa langu ni lipi? Ni hoja nzuri, na tuliwahi kuishindwa tulipoijadili. Lakini sikio lina kumbukumbu, na kumbukumbu hufifia. Hakuna hata mmoja wetu anayewaona wafungwa wa 1864 anaposikia tuni ya Root. Wimbo wa matatu tuliusikia Ijumaa. Vijana wetu walikuwa wameucheza kwenye arusi ya Jumamosi. Ulipoanza ndani ya kanisa hakuna aliyehama kutoka arusini kwenda kwa Bwana. Tulirudi sote arusini, na jina la Bwana tukaenda nalo huko. Pengine baada ya miaka hamsini tuni ile itakuwa imesahau ilikotoka na itafaa. Kwa sasa haifai, hata ikiimbwa na malaika.

Tena hatusemi haya kwa sababu ya spika au mtindo. Wapo wanaodhani staha ni polepole: kwamba kila wimbo ukiburuzwa kama mkokoteni wenye gurudumu bovu ndipo unakuwa mtakatifu. Tumeketi katika mikutano ambamo wimbo wa furaha ya ufufuo uliimbwa kwa mwendo wa mazishi, na tukaomba utimie ubeti wa tatu kabla ya kuishiwa pumzi. Huo nao ni uteuzi mbaya, wa mwendo badala ya wimbo, na haumwaibishi mtu kwa sababu kila mtu amelala.

Kipimo tunachokipendekeza ni cha mtu maskini: wimbo huu una kazi gani mahali hapa? Tuchukue wimbo wa sakramenti, ambao ndio mzito kuliko yote. Mathayo anaeleza kwamba Yesu na wanafunzi wake waliimba baada ya karamu ya mwisho, kisha wakatoka kwenda Mlima wa Mizeituni. Wimbo ule ulikuwa kizingiti kati ya mkate na Gethsemane. Wetu unakaa karibu na hapo. Unaimbwa wakati makuhani wanamega mkate, na unapaswa kuwageuza watu mia moja, wenye mawazo mia moja ya kodi na ada za shule, wamtazame Mmoja. Ukikosa kazi hiyo umekosa yote. Tumewahi kupewa mahali hapo wimbo wa kuhimiza wamisionari uwanjani, kwa sababu, kama alivyotueleza mhusika kwa unyofu kabisa, "ndugu wanasinzia na huu wanaujua." Waliamka kweli. Waliimba kwa nguvu, mgongo wima, na wimbo ulipokwisha kulikuwa na hali ya watu waliokwisha kufika, watu wasio na haja ya kusamehewa lolote.

Hata urefu ni sehemu ya uteuzi. Wimbo mfupi wa beti mbili ukichaguliwa siku ya mkutano wenye wageni wengi, unakwisha makuhani wakiwa na nusu ya mkate mbele yao. Hapo mpiga kinanda huingiwa na hofu na kuanza kubuni, kiongozi humtazama rais wa tawi, rais hutazama saa. Ushauri wetu ni kuacha kimya kiwe. Sauti ya mkate ukimegwa inasikika vizuri kanisani kama watu wakiiruhusu. Wengi hawajui kwamba zamani, katika kata nyingi za Utah, kwaya iliimba au ogani ilipigwa hata wakati mkate na maji vikipitishwa. Mwaka 1946 Urais wa Kwanza ulielekeza kwamba hali iliyo bora wakati huo ni ukimya kamili. Kwa hiyo ule ukimya tunaouona kama kitu kilichokuwapo tangu mwanzo ulichaguliwa na watu waliokuwa na muziki mzuri mikononi wakauweka chini.

Tumefika mahali ambapo kuandika kunakuwa kugumu kidogo. Miaka michache iliyopita dada mmoja katika tawi letu alimzika mtoto wake Alhamisi. Jumapili alikuja. Hatukumtarajia, lakini alikuja na kuketi mahali pake pa kila siku, akabakiza nafasi ya mtoto pembeni yake kama mkono wake haujajifunza bado. Nyimbo za siku ile zilikuwa zimechaguliwa mwezi mmoja kabla, na karatasi ya ratiba ilikuwa imeshachapishwa. Wimbo wa kufunga ulikuwa ule wa uchangamfu kuhusu nyumba iliyojaa upendo na watoto wenye nyuso za furaha. Kiongozi wa nyimbo alijua. Tulimwona akijua, alisimama, akafungua kitabu, akasita, akamtazama rais wa tawi. Lakini namba ilikuwa kwenye karatasi. Tukaimba. Katika ubeti wa pili dada yule aliinuka akatoka taratibu, na mlango wetu, ambao hulia kila siku, ulilia siku ile pia.

Hakuna aliyekosea noti. Kinanda kilipigwa vizuri kuliko kawaida. Mtu akituuliza ni tukio gani baya kuliko yote la muziki tulilowahi kulishuhudia katika mkutano wa sakramenti, hatutamtajia kitufe cha midundo. Tutamtajia wimbo ule uliokwenda bila kasoro. Karatasi iliyochapishwa kwa shilingi chache ilipewa heshima kuliko mwanamke aliyekuwa mbele yetu. Kiongozi wa mkutano anaweza kubadilisha wimbo. Inachukua sekunde kumi kusimama na kutaja namba nyingine. Hatukufanya hivyo kwa sababu tulidhani utaratibu ndio staha. Dada yule hakutulaumu hata siku moja, na hilo halijatusaidia.

Kuna upande mwingine wa jambo hili, wa nyimbo zinazodhaniwa hazitufai kwa sababu zilizaliwa mbali. Kila Julai inapofika, karibu na tarehe 24, siku ambayo Watakatifu wanakumbuka kuingia kwa mapayonia katika Bonde la Ziwa Kuu la Chumvi mwaka 1847, mjadala unaanza upya. Kitabu cha Kiingereza cha 1985 kina nyimbo 341, na kati ya hizo zipo za milima ya Utah, na mwishoni kabisa zipo za taifa la Marekani na la Uingereza. Sisi tukitazama dirishani tunaona minazi. Tukiimba kuhusu ngome ya milima yetu, watoto hugeuka kuitafuta. Wengine wetu walishasema kwa ukali kwamba nyimbo za mapayonia zote ziwekwe kando, tuimbe yanayotuhusu.

Tulikuwa karibu kukubaliana nao. Kisha Jumapili moja ya Julai, baada ya wimbo mmoja wa milima ambao ulikufa mikononi mwetu kama tulivyotarajia, ukaja wimbo wa William Clayton, "Come, Come, Ye Saints". Clayton aliuandika tarehe 15 Aprili 1846 kando ya Locust Creek, Iowa, njiani, baada ya kupata habari kwamba mkewe Diantha, aliyemwacha Nauvoo kwa kuwa alikuwa mjamzito, amejifungua mtoto wa kiume. Aliandika maneno ya kuwatia moyo wasafiri, na ubeti wa mwisho hakuuficha ukweli kwamba wengine watakufa kabla ya kufika. Tukafika kwenye ubeti huo. Dada mmoja Mkongo, aliyetoka upande wa Uvira kwa miguu wakati wa vita na kuzika njiani watu ambao hajawahi kututajia idadi yao, aliacha kuimba, akakishika kitabu kwa mikono yote miwili kifuani. Baadaye alituuliza huyo Clayton alitokea mkoa gani.

Basi hatusemi tena kwamba wimbo wa mbali haufai. Wimbo wa milima unahitaji milima. Wimbo wa Clayton unahitaji tu mtu aliyetembea, na kati yetu yeye ndiye aliyetembea kuliko mzao yeyote wa mapayonia anayekuja kututembelea kwa ndege. Anayechagua nyimbo hana budi kujua nani amekaa mbele yake. Hilo halimo katika faharasa ya kitabu chochote cha nyimbo.

Lugha nayo ina ajali zake, na hapa tunataka kusema jambo ambalo waimbaji wa Kiswahili wanalihisi bila kulitaja. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Ni kanuni yenye nguvu kiasi kwamba barabara ya kupita magari na barabara ya kusema "sawasawa kabisa" zinatofautiana kwa mkazo tu. Nyimbo nyingi za Kiingereza zinaanza na silabi nyepesi na kumalizikia silabi nzito, na tuni inapiga ngumi yake ya mwisho hapo. Mfasiri anapoweka neno "Baba" mahali pa ngumi hiyo, tunaimba *baBA*. Tunaimba *MwokoZI*, *neeMA*, *BwaNA*. Tumeyazoea hivi kwamba hatusikii tena, ila mgeni anayekuja mara ya kwanza husikia watu wakimwita Mungu kwa jina ambalo hakuna anayelitamka hivyo nyumbani. Na kwa kuwa maneno yetu ni marefu, mahali ambapo Mwingereza ana silabi moja sisi tuna nne za kukimbiza, kama abiria wanaoingia mlango mmoja.

Hatuwalaumu wafasiri. Walikuwa na kazi ya kuitii maana, kuitii tuni na kuitii lugha, na mtumishi wa mabwana watatu lazima mmoja amkasirike. Lakini mwenye kuchagua anaweza kusaidia. Baadhi ya nyimbo katika kitabu chetu kidogo cha Kiswahili, ambacho ni sehemu tu ya zile zilizomo katika kile cha Kiingereza, zinakaa vizuri mdomoni, nyingine zinakwaruza. Aziimbe kwanza peke yake jikoni kabla ya kuziandika kwenye karatasi. Mwaka 2018 Kanisa lilitangaza kwamba kitaandaliwa kitabu kimoja cha nyimbo, zile zile na namba zile zile kwa lugha zote, na nyimbo za kwanza 13 zilitolewa Mei 2024. Tulifurahi kuona "Come, Thou Fount of Every Blessing" imerudi, maana iliachwa nje mwaka 1985 na watu hawakuacha kuipenda. Furaha yetu ina sharti dogo: tunaomba, kitabu kitakapotufikia, Mwokozi akazwe katikati.

Kuhusu simu tutasema machache. Palipo na upungufu wa wapiga kinanda, muziki uliorekodiwa ni msaada wa kweli, na matawi mengi yasingeimba vizuri bila huo. Lakini simu ina beti zake. Ikiwa na beti nne na karatasi ikasema tatu, kutakuwa na watu walioketi na muziki unaoendelea bila wao. Ikimaliza wimbo mmoja huanza mwingine bila kuulizwa. Na simu ni simu: tumewahi kumsikia mama mkwe wa ndugu mmoja akipiga katikati ya ubeti wa pili, jina lake likiwa kwenye skrini mbele ya vijana wote wa safu ya kwanza. Izimwe mawimbi kwanza.

Tunamaliza na bibi mmoja, ambaye hakuwa muumini wa Kanisa letu. Alikuja kumsikiliza mjukuu wake siku ya programu ya watoto wa Msingi. Watoto walipomaliza wimbo wao kuhusu kufufuka kwa Yesu, bibi alisimama akapiga vigelegele. Virefu, vya juu, vya mtu aliyevipiga kwenye kuzaliwa na kwenye arusi kwa miaka sitini. Kanisa lilikaa kama maji ya mtungi. Katika mkutano wa sakramenti hatupigi makofi, sembuse vigelegele. Mkwe wake alimvuta gauni. Bibi akaketi, akatazama huku na huku kutafuta kosa lake.

Hatutaki mkutano wa sakramenti uwe ukumbi wa sherehe, na kama kila wimbo ungefuatiwa na shangwe, watoto wale wangejifunza kuimba kwa ajili ya shangwe. Hilo tunalishikilia. Hata hivyo, Watakatifu waliokusanyika Machi 1836 kuliweka wakfu Hekalu la Kirtland waliimba kisha wakapaza Hosana kwa sauti kubwa, na wale wetu walioshiriki kuwekwa wakfu kwa Hekalu la Nairobi Mei 2025 waliinua vitambaa vyeupe na kupaza sauti hiyo hiyo. Kwa hiyo si kweli kwamba imani yetu haijui kupaza sauti. Inajua, mahali pake. Bibi yule alisikia kwamba mtu aliyekufa amefufuka, na akafanya kile ambacho habari kama hiyo hufanyiwa kwao. Sisi tuliokuwa tumeuimba wimbo ule miaka yote tulikaa tukimtazama. Kama kulikuwa na kosa pale, lilikuwa la mahali. Sisi tulikuwa na mahali panapofaa na hatukuwa na la kupaza.

Rais wa tawi alimfuata nje, akamshukuru kwa kuja, na kumwambia watoto walifurahi. Alirudi mara mbili baadaye, kimya kabisa, ameshika mkoba magotini.

Kinanda sasa kina kipande cha kadibodi kilichobandikwa juu ya vitufe vyote vya midundo, kazi ya ndugu yule yule aliyechomoa waya. Kijana amerudi, ingawa anakaa safu ya tatu kutoka nyuma na haimbi sana. Rais wa tawi alikwenda kwao, na mama mmoja wa Muungano wa Usaidizi alikwenda, na baadhi yetu tuliocheka tulikwenda tukiwa tumechelewa sana, tukanywa uji wao, tukaongea kuhusu mvua. Anayepiga kinanda siku hizi ni mdogo wake wa kike, miaka 11, mkono wa kulia peke yake. Jumapili iliyopita alipotea katikati ya wimbo wa sakramenti na kuacha kupiga. Hakuna aliyeinua kichwa. Tuliendelea kuimba bila kinanda, makuhani wakimega, hadi alipoona mahali tulipo akaingia tena kwenye mstari wa mwisho.